Nilimpaka Mafuta Ndama Mgonjwa Nikamkabidhi Mjane

Ndama alikuwa anaharisha damu, na mimi nilijua. Naanza na hilo ili mtu asije akanitafutia udhuru mbele ya safari. Sikupitiwa. Sikudanganywa na mtu. Nilijua, nikamwosha, nikampaka mafuta, nikamkabidhi mjane huku watu wakipiga makofi!

Na alipokufa, nikaandika kwa mkono wangu kwamba mjane ndiye aliyeshindwa kumtunza.

Majina nimeyabadilisha. La kwangu silitaji kabisa, kwa ajili ya wanangu, maana aibu yangu mimi nimekwisha kuila hadharani. Nipo upande wa Mwera, wilaya ya Pangani. Nilikuwa karani wa shamba la mkonge mpaka nikastaafu. Baba yangu alishuka kutoka milimani kuja kukata mkonge, akaoa, akazaa, akazikwa huku huku pwani. Mimi sikuwahi kumiliki ng'ombe hata mmoja mpaka mvi ziliponitoka.

Lakini mngenisikia nikizungumza! "Sisi watu wa milimani tunazaliwa na ng'ombe chumba kimoja," nilikuwa nawaambia majirani. "Ninyi wa pwani mnajua nazi na dagaa." Nani aliyezaliwa na ng'ombe? Mimi nilizaliwa kambini, mashine za katani zikinguruma. Ng'ombe nilikuwa namwona akipita.

Huku kwetu kuna kikundi cha wafugaji. Utaratibu wake ni mzuri, na wanaoufahamu watanielewa upesi. Unapewa mtamba mwenye mimba, bure. Akizaa jike, ndama yule wa kwanza si wako. Unamlea mpaka aache maziwa, kisha unamkabidhi anayekufuata kwenye orodha, naye anaanza safari yake. Wanaofuata baada ya hapo ni wako. Ni jambo la imani tupu: anayepokea anategemea kwamba aliyelea amelea kama wa kwake.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupewa. Tena nilikuwa katibu, kwa sababu ya mwandiko mzuri. Aliyenifuata kwenye orodha alikuwa Bi Mwanaidi, mjane wa makamo mwenye mabinti wawili, anayeishi kwa kuuza vitumbua. Alikuwa amengoja muda mrefu kuliko sisi wote.

Mtamba wangu nilimwita Tausi. Kabla hajazaa alikuja afisa mifugo wa kata, binti mdogo kwa umri, mwenye buti za mpira na daftari. Akanipa shikamoo, akakagua banda langu, akatikisa kichwa.

"Mzee, ndama usimlaze hapa. Mkojo wote wa ng'ombe unateremkia huku. Mtengenezee kibanda chake, sakafu iinuliwe kwa mabanzi, pakavu. Na usimchanganye na hawa wakubwa."

Hawa wakubwa walikuwa vijitamba vitatu vya shemeji yangu, nilivyokuwa nimevipokea kwa muda.

"Mwanangu," nikamwambia, "unataka ndama alale kitandani? Na shuka nimtandikie?"

Akacheka kwa adabu. "Sakafu kavu tu, mzee. Na akizaliwa, dang'a apewe saa ile ile, ashibe. Ndama anazaliwa hana kinga. Kinga yake iko kwenye yale maziwa ya kwanza. Halafu kuna vijidudu vya tumboni. Ng'ombe mkubwa anaweza kuwa navyo na asiumwe, lakini anavitoa kwenye kinyesi. Ndama akilamba, akinywa maji yaliyochafuliwa, ndiye anayeumwa. Anaharisha mpaka damu."

"Sisi ugonjwa tunaoujua ni kupe," nikasema. "Kupe nanyunyizia dawa kila wiki. Hivyo vijidudu visivyoonekana waachie wenye darubini."

Alipoondoka nikamwambia mke wangu, Mama Eliya, "Katoto kamesoma makaratasi kanakuja kunifundisha ng'ombe!" Mama Eliya hakucheka. Alisema tu, "Na wewe umesoma nini, Baba Eliya?"

Tausi alizaa alfajiri ya siku ya masika, mvua imejaa uani. Jike! Majirani wakaja. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipovaa nguo ya ukarimu. Mnajua desturi: ng'ombe akizaa, dang'a inapikwa kwa sukari na iliki, inagandishwa, sahani zinapelekwa kwa watu. Mimi nilitaka kata nzima ijue kwamba katibu anakamua. Nilikamua karibu yote. Sahani ikaenda kwa mwenyekiti, kwa mchungaji, kwa mwalimu mkuu, ikaenda hata kwa Bi Mwanaidi mwenyewe! Alikula kinga ya ndama wake kwenye kisahani na akanitumia salamu za shukrani.

Ndama alipata mabaki, tena adhuhuri.

Nitasema lililo baya zaidi, kwa sababu bila hilo ungamo hili ni porojo. Laiti ndama yule angekuwa wangu, angeshiba. Angekuwa wangu, ningeinua sakafu. Lakini kila nilipomtazama nilikuwa nasema moyoni, huyu ni wa Mwanaidi. Mabanzi nilikuwa nayo nyuma ya nyumba, yamelala pale pale. Sikuyagusa. Maziwa nilimpimia kama mtoto wa kambo, yaliyobaki yakaenda kwa wateja. Nikamwachisha mapema, kabla ya muda aliosema afisa. Akalala kwenye tope na mkojo pamoja na wale vijitamba, akinywa ndoo moja nao, ndoo iliyokaa chini inarushiwa kinyesi kila kwato inapopita. Majani nilikuwa nawamwagia chini.

Mtu aliyefanya kazi ya karani miaka yote, anayekasirika akiona doa la wino kwenye karatasi, aliona hayo kila asubuhi na akapita!

Siku kama kumi baada ya kumwachisha maziwa, akaanza kuharisha. Kwanza maji maji. Kisha nikaona utelezi, kisha damu. Alikuwa anakunja mgongo, anakakamaa kujikamua, hatoi kitu ila matone mekundu. Mkia wote umegandamana.

"Mwite yule binti," Mama Eliya akasema.

"Nimwite aje anicheke?"

"Acheke, lakini ndama apone."

Sikumwita. Nilikwenda dukani nikanunua dawa ya minyoo, nikamnywesha na maji ya muarobaini juu yake. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba vijidudu vile si minyoo, na ile dawa haivigusi hata kidogo. Ni sawa na kumpiga nyoka kwa kanga. Lakini mjuaji hahitaji kuuliza, bwana!

Siku ya makabidhiano ilikuwa imebaki wiki moja, na mimi ndiye niliyeandika ratiba. Mgeni rasmi alikuwa anatoka wilayani. Maturubai yamekodiwa, kina mama wa pilau wameshapangwa. Ilinipasa nisimame niseme, "Jamani, ndama anaumwa, tuahirishe." Maneno manne! Nikaona bora nife kuliko kuyatamka, mimi mtu wa milimani niliyezaliwa na ng'ombe chumba kimoja.

Sikilizeni nilichofanya. Jioni ya kuamkia siku ile nilimnyima ndama majani. Nikamnyima na maji. Nilitaka asiwe na kitu tumboni, ili mkia ubaki safi mpaka sherehe iishe. Mnyama anayekauka kwa kuharisha, nikamnyima maji! Asubuhi nikamwosha kwa sabuni ya kuogea, nikachana kinyesi kilichogandamana mapajani, nikampaka mafuta ya nazi mpaka manyoya yakang'aa. Mama Eliya alisimama mlangoni akanitazama. Nilimwomba kipande cha kanga cha kumfunga shingoni. Akasema, "Jifunge wewe."

Nikapata utepe kwa jirani.

Sherehe ilifana. Mgeni rasmi alisifu ndama anavyometameta. Mimi nikapewa nafasi ya kusema, nikasema, "Leo watu wa pwani wataonja ufugaji wa kitaalamu." Watu wakacheka. Mzee mmoja akanirushia, "Katibu, angalia tusije tukakuuzia wewe maziwa!" Nikacheka naye. Bi Mwanaidi alipokea kamba kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema "Ahsante, katibu, Mungu akuzidishie." Nilimtazama usoni nikamjibu amina.

Banda lake nilikuwa nimeliona. Alikuwa amefuata kila neno la yule binti. Sakafu ya mabanzi juu ya vigogo, hori la majani limening'inizwa, ndoo ya maji imefungwa kwenye nguzo mbali na kinyesi. Mabinti zake walikuwa wanafagia pale kabla hata ndama hajafika. Mimi nikaliita "nyumba ya wageni."

Siku ya pili yake, Bi Mwanaidi alikuja kwangu mbio, ushungi umemwanguka mabegani.

"Katibu, ndama anaharisha damu. Alikuwa na tatizo lolote kwako? Niambie nimwambie afisa, yuko Pangani, nampigia sasa hivi."

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa nimepewa mlango uliofunguliwa kabisa.

"Umempa nini?" nikamuuliza.

"Majani na maji tu."

"Maji ya wapi? Yale ya kisima chenye chumvi? Au umempa majani ya muhogo? Bi Mwanaidi, hapa kwangu ndama huyu hajawahi kupiga hata chafya!"

Akanitazama kidogo, akajitanda ushungi, akaondoka.

Yeye akamweleza afisa alichoambiwa na katibu: ndama alikuwa mzima, huenda amekula kitu. Afisa, kwa simu, akaanza na dawa ya sumu ya majani. Alipofika mwenyewe kesho yake na kuona, akabadilisha dawa. Lakini ndama alikuwa ameshalala ubavu. Alikufa siku ya nne, mabinti wawili wamekaa naye wanamdondoshea maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko.

Kikao kikaitwa. Kanuni yetu ilikuwa wazi: aliyepoteza mfugo kwa uzembe anarudishwa mwisho wa orodha. Afisa mifugo alikuja, akauliza swali moja. "Naomba kujua, ndama huyu alipokuwa kwa mzee alikuwa analala wapi?"

"Hilo si la ajenda," nikasema.

Mwenyekiti, ambaye alikula sahani nzima ya dang'a, akadakia, "Katibu hatuna wasiwasi naye. Tuendelee." Na watu wazima thelathini, wote wenye macho, wakaendelea! Wengine walikuwa wamepita nyuma ya banda langu mara ngapi? Harufu yake ilifika barabarani. Lakini mjane wa vitumbua ni rahisi kumhukumu kuliko katibu mwenye mwandiko mzuri.

Nikaandika: ndama alikabidhiwa akiwa na afya njema, mpokeaji alishindwa matunzo. Nikasoma kwa sauti. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa mkekani na mabinti zake. Hakulia. Alisema, "Andika, katibu. Andika usiache kitu."

Akarudishwa mwisho wa orodha. Watu wakaanza kumwita Mama Ua Ndama, nyuma yake, kisha mbele yake. Nilisikia. Nikanyamaza.

Mwaka uliofuata Tausi akazaa tena. Jike tena! Huyu sasa alikuwa wangu. Ooh, mngeniona! Dang'a yote kwa ndama, hata tone halikutoka nje ya banda. Maziwa anashiba. Nikamnunulia ndoo mpya. Vijitamba vya shemeji nikavirudisha kwa mwenyewe. Mikono ile ile, moyo ule ule, ghafla ukajua kulea!

Lakini nilimlaza pale pale. Niliparua tope la juu, nikamwaga nyasi, nikajiona nimemaliza.

Akaanza kuharisha kabla ya miezi miwili. Nikaona damu. Safari hii nilimpigia afisa kabla sijavaa viatu. Alikuja. Hakunicheka hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko kicheko. Akampa ndama dawa, akachukua kinyesi chake na cha mama yake kwenye vichupa, akavipeleka Tanga kupimwa.

Ndama alikufa kabla majibu hayajarudi.

Mama Eliya alinikuta nimechuchumaa pembeni ya mzoga. Nilidhani atanipa pole. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi, akaiweka chini mbele yangu.

"Wa mwenzio ulimpaka," akasema. "Na huyu mpake."

Majibu yaliporudi, afisa alikuja nayo mwenyewe. Vijidudu vilikuwa vimejaa kwa ndama, na kwa Tausi vilikuwapo pia, yeye mzima kabisa. Akanieleza kwamba ardhi ikiwa mbichi vinakaa humo miezi na miezi vinangoja ndama mwingine. Kisha akauliza, "Mzee, swali langu la kikaoni. Yule wa kwanza alilala wapi?"

Nikanyoosha kidole. Hapa.

"Basi ugonjwa hakuupata kwa Bi Mwanaidi," akasema. "Alikwenda nao."

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanaidi. Nilimkuta anapindua vitumbua.

"Karibu, katibu. Vimebaki vinne."

"Sikuja kwa vitumbua, Bi Mwanaidi."

"Najua. Umekuja kwa ndama. Nimesikia na wako amekwenda." Hakuinua macho. "Wewe ulipomkabidhi yule wangu, alikuwa ananukia sabuni kama bibi harusi. Macho yameingia ndani. Alipofika kwangu alikunywa maji mpaka nikaogopa, utasema ametoka jangwani. Nikasema, lahaula, huyu kafanywa nini?"

"Kumbe ulijua! Mbona hukusema pale pale?"

"Nimwinue mkia mbele ya mgeni rasmi? Kwetu sisi, mtu akikupa kitu hukikagui mbele yake. Ningeitwa mjane asiye na shukrani. Nikasema moyoni, sawa, nimepewa mgonjwa, nitamuuguza. Nikaja kwako mbio uniambie anaumwa nini, ili afisa ajue dawa." Hapo ndipo akanitazama. "Sikuja kukushitaki, katibu. Nilikuja kukuuliza tu. Ungesema kweli siku ile, pengine angepona. Wewe ukaniuliza habari za maji ya chumvi."

Nilimwambia samahani. Akapindua kitumbua kingine.

"Hiyo usiniletee jikoni. Uliniandika mbele ya watu. Kasemee huko."

Nilikwenda. Siku ya kikao, mwenyekiti alijaribu kunizuia nje ya mlango: "Katibu, mambo yamekwisha poa, usifukue. Utatuaibisha sote." Utatuaibisha sote! Yaani mjane alipoaibishwa peke yake, hiyo haikuwa aibu.

Nilisimama nikafungua kitabu, nikasoma muhtasari wa zamani, kisha nikasema yote: dang'a, tope, dawa ya minyoo, maji niliyomnyima, sabuni, mafuta. Nilipofika kwenye mafuta, yule mzee mtani alianza kucheka, akashindwa kumaliza. Watu wengi walitazama chini. Nilivuliwa ukatibu pale pale, na kalamu ikachukuliwa mkononi mwangu. Siku hizi watu wananiita Mzee Mafuta. Naitika.

Kikao kiliamua kwamba jike atakayefuata wa Tausi ni wa Bi Mwanaidi. Yeye akasimama. "Kutoka kwenye banda lile? Sitaki. Ng'ombe aje azalie kwangu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Tausi alipelekwa kwake akiwa na mimba, akaoshwa kwato na kiwele kabla ya kuingia, akazalia huko. Mara ya kwanza alizaa dume. Bi Mwanaidi alimlea yule dume ambaye hakuwa hata na faida kwake, kwa sakafu ile ile kavu na ndoo ile ile safi. Mara ya pili, jike. Sasa ana miezi saba, hajaharisha hata siku moja. Tausi bado hajarudi, na sijapata uso wa kumuulizia. Banda langu ni tupu.

Bi Mwanaidi ananijibu salamu. Mabinti zake hawaniamkii. Wananipita njiani, watoto waliofunzwa adabu kuliko wote kijijini, wanatazama mbele. Sijawahi kuwalaumu.

Msidhani nilitubu kwa sababu ya machozi ya mjane. Mjane hakulia, na hata angelia nisingetubu. Nilitubu kwa sababu wa kwangu alikufa. Toba ya namna hiyo ni ya kudharauliwa, na mimi naidharau. Ila ndiyo pekee niliyonayo.

Kwa hiyo wewe uliye na ndama wa mwenzio bandani, nakuambia bila kubembeleza. Dang'a ni yake kwanza, majirani watakula ubwabwa. Mwinue kutoka kwenye unyevu. Mtenge na wakubwa. Maji yake yawe safi. Akiharisha, ita anayejua siku hiyo hiyo, hata kama ulimtukana jana. Na ukiona damu halafu ukajiona mkono unakwenda kwenye sabuni ili watu wasione, simama hapo hapo! Piga kelele, vunja sherehe, rudisha mgeni rasmi kwao. Watakucheka siku moja. Mimi wananicheka mpaka leo, na kuna watoto wawili ambao hata kunicheka hawataki.